Miaka sita ya nyota zangu ilivyozama na laptopu

Jamani naandika hii kwa sababu kila mtu akipata kompyuta mpya ananijia na swali lilelile, eti programu gani nzuri ya kusikilizia muziki, na mi kila mara naanza kujibu vizuri afu najikuta naeleza mambo ambayo hakuyauliza mpaka mwenyewe anajuta kuuliza. Kwahiyo leo namwaga yote. Mwenye haraka aipite tu hii, jibu fupi sina.

Mi nilianza na Winamp kama watu wengi wa rika langu. Ilitoka 1997, kidogoo, unaiinstoli kufumba na kufumbua, na kitu kilichonishika si sauti, ni skini. Ile ya kubadilisha sura. Nilikuwa nakaa jioni nzima natafuta skini, leo inafanana na redio ya zamani, kesho inang'aa kijani kama chombo cha anga, na nyimbo zenyewe labda nina mia mbili, nazirudia zilezile. Na ile sauti ya mwanzo inayomtaja llama, mpaka leo nikisikia neno llama nawaza muziki, mnyama mwenyewe sijawahi kumuona.

Yaani nilikuwa nachagua kwa macho. Nakiri.

Winamp yenyewe AOL, kampuni ya mtandao ya Marekani, waliinunua pamoja na kampuni iliyoitengeneza mwaka 1999, afu 2013 wakatangaza wanaifunga, watu wakalia, 2014 ikachukuliwa na wengine. Mi wakati huo nilishahama zamani sana, habari nikaisoma nikasema pole zao nikaendelea na mambo yangu. Sikuwaza kabisa kwamba na mimi ninaishi kwenye nyumba ya mtu.

Maana nilikuwa nimehamia kwenye programu moja kubwa, jina naliacha kwa sababu nusu ya kosa ni langu, ile aina inayotaka kukushikia kila kitu. Unaionyesha nyimbo zako, inazipanga, inakuwekea picha za albamu, inahesabu wimbo umeusikiliza mara ngapi, na unaweza kutoa nyota, moja mpaka tano. Mi na nyota tukapendana. Miaka sita nimekaa natoa nyota. Wimbo ukiisha naupa zake, mwingine naushusha daraja baada ya kuuchoka, nikatengeneza pleilisti zinazojipanga zenyewe, mfano nyimbo za nyota nne na tano ambazo sijazisikia miezi mitatu, hiyo ilikuwa ndo redio yangu. Na nyimbo zilizokuja bila majina, unajua zile za kukopi kwa watu zinaitwa Track 01, Track 02, msanii hajulikani, nilikuwa nazisahihisha mojamoja, naandika jina la wimbo, mwimbaji, mwaka. Kazi ya mkono. Nyimbo kama elfu kumi na moja hivi.

Siku moja laptopu ikawaka, ikatoa mlio wa tiki tiki tiki, ikazima. Diski imekufa.

Sasa cha ajabu sikuogopa. Nyimbo zote nilikuwa nimezikopi kwenye diski ya nje, nilikuwa mtu makini mimi! Nikapata kompyuta nyingine, nikaweka programu ileile, nikachomeka diski, nikaiambia soma folda hii, ikasoma, nikaenda kunywa maji nikarudi. Nyimbo elfu kumi na moja zote zipo. Nyota sifuri. Zote. Pleilisti hakuna hata moja, hesabu za kusikiliza sifuri, na zile Track 01 zimerudi na majina yao ya mwanzo kama vile sijawahi kuzigusa.

Nilikaa pale nikaangalia kioo tu. Nikajiambia labda inaendelea kusoma, itajaza. Haikujaza.

Kumbe ile kazi yangu yote haikuwa kwenye nyimbo. Ilikuwa kwenye databezi ya programu, faili moja limejificha ndani ndani huko kwenye folda ya mtumiaji, diski C, ambayo mi hata sikujua ipo, na ndiyo iliyokufa. Nilihifadhi nyimbo nikaacha kumbukumbu. Na ile programu haikunidanganya popote, sehemu fulani kwenye mipangilio kulikuwa na kiboksi cha kutiki kwamba andika mabadiliko kwenye faili lenyewe, na mi miaka sita sikuwahi kufungua hiyo kurasa kwa sababu nilikuwa naangalia rangi.

Hapo ndo nilianza kusoma vitu ambavyo ningevisoma mwanzo. Faili la MP3 lina sehemu ya kubeba maelezo yake lenyewe, watu wanaita tagi. Ile ya zamani kabisa, ID3v1, ni baiti 128 tu zimebandikwa mwishoni mwa faili, na jina la wimbo linapewa herufi 30, basi, likizidi linakatwa. Ndo maana unakuta wimbo una jina limeishia katikati kama mtu aliyezibwa mdomo. Baadaye, 1998, ikaja ID3v2, hii inakaa mwanzoni mwa faili, inabeba majina marefu, picha, hata maneno ya wimbo. Faili moja linaweza kuwa na zote mbili, na zinaweza kupingana! Ukiona programu moja inaonyesha jina kamili na nyingine jina limekatwa kwa wimbo uleule, usidhani faili limeharibika, kila programu imesoma ncha yake.

Kwahiyo saa hizi kabla sijaikubali programu yoyote naifanyia kajaribio ka dakika mbili. Nachukua wimbo mmoja, naukopi pembeni, nabadilisha jina kwenye programu, naweka upuuzi wowote mfano "kuku wa jirani", nafunga, afu nafungua faili lilelile kwa programu nyingine kabisa. Nikimwona kuku wa jirani, sawa, imeandika kwenye faili. Nisipomwona, basi naenda kwenye mipangilio kutafuta kile kiboksi, na kama hakipo naitoa siku hiyohiyo hata iwe nzuri kama malaika.

Nyota ndo zina kichwa kigumu zaidi. Hata programu ikiandika nyota kwenye faili, pale ndani hazihifadhiwi kama nyota, ni namba kutoka 0 mpaka 255, na kila programu inaamua yenyewe namba ipi ni nyota ngapi. Unaweza kulala na wimbo wa nyota tatu ukahama programu ukaamka na wa nne. Mi nyota nimeziacha. Iliniuma lakini nimeziacha, nitasema chini natumia nini.

Pleilisti nazo, hizi rahisi kuliko nilivyofikiri. Ile aina ya M3U ni maandishi matupu, ifungue hata kwa Notepad utaona mistari, kila mstari ni njia ya kufika kwenye wimbo. Tatizo ni njia yenyewe imeandikwaje. Zangu za kwanza zilianza na D:\ kwa sababu diski yangu ilikuwa D, nikachomeka kompyuta nyingine ikaitwa E, pleilisti zote zikawa vipofu. Nilizitibu kwa tafuta na badilisha, D ikawa E, dakika moja. Tangu hapo naweka pleilisti ndani ya folda lilelile la muziki na nachagua njia isiyotaja herufi ya diski, yaani inaanzia pale ilipo yenyewe, ukihamisha folda zima kila kitu kinahama nacho. Na ukiwa na majina yenye herufi za ajabu ajabu za lugha nyingine sevu kama M3U8, la sivyo unapata alama za kuuliza.

Haya, baada ya msiba huo nikaingia kwenye ugonjwa mwingine, ugonjwa wa sauti safi.

Nilihamia foobar2000. Hii aliitengeneza Peter Pawlowski, ambaye kabla ya hapo alikuwa anafanya kazi na hao hao wa Winamp, ikatoka 2002. Ukiifungua mara ya kwanza utadhani umefungua daftari la mahesabu, kijivu kitupu, hakuna urembo. Mi wa skini ningeikimbia, lakini mi wa baada ya msiba niliipenda palepale, inafunguka haraka, haili memori, na haigusi faili zako mpaka uiambie. Sasa tatizo lake ni kwamba ina vyumba vingi vya mipangilio na mtu kama mimi akiingia hatoki. Nikakutana na maneno kama WASAPI na ASIO, yaani njia za kupitishia sauti ndani ya kompyuta, nikasoma kwamba Windows kawaida inachanganya sauti za programu zote pamoja kabla ya kuzipeleka kwenye spika, na kwamba ukitumia WASAPI kwa njia ya peke yake muziki unapita bila kuchanganywa. Nikawasha. Nikaapa nasikia tofauti. Faida niliyoiona kwa uhakika ni kwamba meseji zikaacha kulia katikati ya wimbo, kwa sababu programu nyingine zote zilikosa sauti.

Afu nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka nafunika uso. Nilisoma kwamba FLAC, aina nyingine ya faili la muziki, ni bora kuliko MP3 kwa sababu haipotezi kitu, sauti inabaki kama ilivyokuwa kwenye CD. Ni kweli. Basi nikachukua MP3 zangu, folda zima, nikazigeuza kuwa FLAC. Usiku kucha kompyuta inapiga feni. Asubuhi nikasikiliza, nikasema naaam, hii ndo sauti, besi imejaa, sauti ya mwimbaji imesogea mbele. Diski ikajaa, mafaili yamekuwa makubwa karibu mara nne, na mi nimetabasamu.

MP3 inakuwa ndogo kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio kwa kawaida halizipati. Kilichotupwa kimetupwa. Ukiigeuza FLAC unachukua maji yaliyobaki unayatia kwenye pipa kubwa zaidi, maji hayaongezeki. Ile besi iliyojaa ilijaa kichwani kwangu.

Nilijiponya mwenyewe, kwa jaribio la upofu. Foobar ina kiongezo kinachoitwa ABX, kinakuchezea sauti mbili bila kukuambia ipi ni ipi, unabahatisha, kinahesabu. Nikachukua wimbo kutoka CD halisi, FLAC upande mmoja, MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde upande mwingine. Raundi 16, nikapatia 9. Tisa! Ningerusha sarafu ningepata hivyohivyo. Nikabisha, nikabadilisha hedifoni, nikafunga dirisha, nikarudia, nikapata 7. Nikashusha MP3 mpaka kilobiti 128, hapo sawa, nikapatia 14, lakini ujue nilikuwa sisikilizi tena wimbo, nilikuwa navizia matoazi tu, yale yanakuwa kama yana mchanga ndani. Kwahiyo CD zangu naziweka FLAC kwa sababu moja, ukiwa na FLAC unaweza kuigeuza kuwa kitu kingine chochote baadaye bila kupoteza, ni kama hasi ya picha. Ila siwezi tena kumcheka mtu mwenye MP3 nzuri, na ukiniambia programu fulani ina sauti tamu kuliko nyingine nakuuliza kwanza kama umefumba macho.

Mara nyingi kinachofanya programu ionekane ina sauti tamu ni ekwalaiza, vile vijiti vya kupandisha na kushusha besi na wenzake, imewashwa au sauti iko juu kidogo. Kitu chenye sauti kubwa zaidi sikio linakiona kizuri zaidi, ndo tulivyoumbwa. Mi nilikaa miezi na ekwalaiza nimepandisha vijiti vyote, nilikuwa nasikia mkwaruzo kwenye besi nikaamini hedifoni zimepasuka, karibu nizitupe. Kumbe sauti ya kidijitali ina dari. Wimbo wa siku hizi unatoka studio ukiwa umeshagusa dari, ukipandisha besi hauna pa kwenda, kichwa cha wimbi kinakatwa, ndo ule mkwaruzo. Dawa yake ni kushusha, unataka besi izidi basi punguza vingine, au shusha kile kijiti cha kwanza cha pembeni kinachopunguza sauti yote kwa pamoja. Nilishusha, hedifoni zikapona kimiujiza.

Sasa kama kuna kitu kimoja cha sauti ambacho kwangu kimeleta tofauti ya kweli, ni ReplayGain, na sielewi kwa nini watu hawakizungumzii. Unajua ile unasikiliza usiku nyimbo zimechanganywa, wimbo wa zamani uko chini unapandisha sauti, afu unafuata wa juzi unakupigia kelele unaruka kitandani. Mi iliwahi kuamsha nyumba nzima. ReplayGain ni wazo la David Robinson la 2001, programu inapima wimbo unavyosikika kwa ukubwa, inaandika namba kwenye tagi, kwamba huyu mshushe desibeli nane, huyu mpandishe mbili, na wakati wa kucheza inarekebisha. Sauti yenyewe ndani ya faili haiguswi, ukifuta namba umerudi ulikotoka. Na ina namna mbili, ya wimbo mmojammoja na ya albamu. Hii ya pili mi nilichelewa kuielewa, nilisikiliza albamu moja kwa namna ya kwanza, kale kawimbo kalikotengenezwa kawe ka kunong'ona kati ya nyimbo mbili kubwa kakaja kwa nguvu sawa na wenzake, ikawa kama mtu anakunong'oneza kwa kipaza sauti. Ya albamu inashusha nyimbo zote kwa kiasi kimoja, milima inabaki milima. Nikichanganya natumia ya wimbo, nikisikiliza albamu natumia ya albamu, na foobar unaweza kuiambia iamue yenyewe kulingana na umechanganya au la.

Kapengo kati ya nyimbo nako, kama unapenda rekodi za jukwaani utanielewa, watu wanashangilia afu sauti inakatika nusu sekunde afu wanashangilia tena. MP3 imekatwa vipande vya sampuli 1152, yaani vipimo vidogovidogo vya sauti, wimbo usipogawanyika sawasawa kipande cha mwisho kinajazwa ukimya, na mwanzoni nako kunaongezwa kidogo. Kigeuzi kama LAME huwa kinaandika kimejaza kiasi gani, programu inayosoma hayo maandishi inakata ukimya, isiyosoma inakuchezea. Chukua albamu ya jukwaani ujaribu, masikio yako yanatosha.

Nyingine nilizopita nazo sina mengi. AIMP nyepesi na nzuri, MusicBee nadhani ndo ningempa mtu wa Windows anayetaka vitu vimpangike vizuri bila kusoma mipangilio wiki mbili. VLC ninayo kila kompyuta, ilianza kama mradi wa wanafunzi huko École Centrale Paris, Ufaransa, mwaka 1996, na inafungua kitu chochote utakachoitupia, lakini ninayo kama mtu anavyokuwa na bisibisi, siketi nayo sebuleni. Za mtandaoni za kulipia kila mwezi natumia pia, sina ugomvi, ila kuna nyimbo zangu humo hazipo na nyingine zilikuwepo zikaondoka bila kuaga.

Miaka michache iliyopita nilihamia Linux, mfumo mwingine wa kompyuta badala ya Windows, foobar haiji huko yenyewe hivihivi, nikasema haya tutaona sasa kama nimejifunza. Nikaweka Strawberry. Ina ukoo wake hii, kulikuwa na Amarok, toleo lake la 1.4 watu waliolipenda wakalichukua wakatengeneza Clementine ilipofika 2010, Clementine ilipolegea mtu akaichukua 2018 akatengeneza Strawberry. Msimbo uko wazi, mzazi akichoka mtoto anaendelea. Nikaionyesha folda, nikaenda kunywa maji kama ile siku, moyo unadunda kabisa, nikarudi.

Majina yote yapo. Miaka, picha, namba za ReplayGain, zote. Pleilisti zangu tano za M3U, hizi ndo zimechukua nafasi ya nyota, moja inaitwa "za usiku", moja "za kazi", nyingine sitaki kusema, zikafunguka kama vile sijahama.

Yale majina yaliyopotea niliyarudisha vipi? Kwa programu inaitwa Picard ya MusicBrainz, inachukua alama ya sauti yenyewe ya wimbo kama alama ya kidole, inalinganisha na hazina yake mtandaoni, inakuletea jina. Ilinitambulia nyingi sana kwa jioni moja nikalewa sifa, nikachagua zote nikabonyeza sevu bila kukagua, ikawa wimbo mmoja umeenda albamu yake, wa pili umeenda mkusanyiko wa nyimbo bora za muongo fulani, albamu moja imetawanyika sehemu sita. Kosa la haraka zangu. Nilirudia kutoka kwenye nakala, safari hii folda kwa folda.

Zilizobaki haizijui. Rekodi za watu wa karibu, kanda za zamani mtu alizigeuza mwenyewe, hazina alama popote. Nimeziweka kwenye folda linaitwa BADO, zilikuwa kama mia tisa, Jumapili nakaa nazo nasikiliza, nikiikumbuka naandika, nimefika mia nne na kitu. Kuna moja humo inaitwa Track 07, mwanamke anaimba na gita moja tu, nyuma kuna mlango unafungwa. Iko kwenye "za usiku", naisikiliza karibu kila wiki. Jina lake niliwahi kulijua, nakumbuka kabisa nimekaa kwenye ile laptopu naliandika herufi kwa herufi, na jina la mwimbaji pia, afu nikampa tano.